Jabali Lililolala Kichwa Chini

Dkt. Tusekile Mwaisaka alikuwa na punje ya mwamba katikati ya meno yake wakati Mkunga alipomwomba ruhusa ya kuwatikisa watu wa Isebe.

Hakuitema mara moja. Wanafunzi walikuwa wakimtazama, na ilikuwa siku yao ya kwanza kutoka darasani na kuugusa mlima kwa mikono yao. Alikuwa akiwaonyesha desturi ya kale ya taaluma waliyoichagua: macho yakishindwa kutofautisha tope na mfinyanzi, mwanajiolojia huutia mwamba mdomoni. Ukikwaruza kama mchanga uliosahauliwa kwenye mboga, hilo ni tope lililogeuka jiwe. Ukiteleza, ni mfinyanzi.

"Na jino likivunjika, Mwalimu?" aliuliza Ambakisye, kijana mrefu ambaye kila kundi la mwaka wa kwanza lazima liwe na mmoja wa aina yake.

"Basi umekutana na mwamba wa volkeno, na hutausahau hadi siku ya mtihani."

Walicheka. Tusekile akaitumia nafasi ile kusogea pembeni, akaitema punje kiganjani, na kukibonyeza kifaa kidogo kilichobanwa sikioni mwake.

"Rudia, Mkunga."

"Ufa unaopita chini ya Isebe umebeba mkazo wa kutosha tetemeko kubwa," sauti ile ilisema, tulivu kama kawaida yake. "Naomba kuuzalisha leo kabla ya saa tisa. Kesho mvua inaanza. Maji ya mvua yakiingia ufani, sitaweza tena kuuongoza."

Watu walikuwa wameupa mtambo ule jina la Mkunga kwa sababu kazi yake ilikuwa kuyapokea matetemeko kabla hayajakua. Uliingiza maji kwa shinikizo katika nyufa za Bonde la Ufa, kuta zilizobanana zikalegea, na mkazo ambao dunia ingeuhifadhi kwa karne nzima ukatoka kidogo kidogo, kwa mitikisiko ambayo paka peke yake ndiye angeinua kichwa. Tangu uwekwe, hakuna mji uliokuwa umeanguka. Watoto wa mji wa Lusungo walikuwa wamefika umri wa kwenda shule bila kujua maana ya kukimbilia nje.

"Mtikisiko wake utakuwa mdogo?" Tusekile aliuliza, ingawa alikwisha kuhisi jibu. Kwa mitikisiko midogo Mkunga hakuhitaji ruhusa ya mtu; kwa mikubwa sheria ilimtaka aombe kwa mwanajiolojia mwenye dhamana ya eneo, naye alikuwa yeye Tusekile.

"Lusungo hawatausikia. Isebe watausikia. Nyumba kadhaa zitaanguka na sehemu ya mteremko huenda ikaporomoka. Nakadiria vifo vichache. Nisipouzalisha, nakadiria vifo vingi sana Lusungo. Sheria hainiruhusu kuchagua baina ya watu, Daktari. Mwenye kuchagua ni wewe."

Alitazama chini ya mteremko. Mapaa ya kijiji cha Isebe yalikuwa yakitoa moshi wa jikoni. Mwanamke mmoja alikuwa akipalilia viazi mviringo hatua chache kutoka pale walipokuwa, akiwatupia wanafunzi jicho la mtu anayehesabu matuta yaliyokanyagwa.

* * *

Mhandisi Gwamaka Mwankenja wa Mamlaka ya Utulivu wa Ardhi alipokea simu kabla haijalia mara ya pili. Walisoma pamoja chuoni, na katika miaka yote ile hakuwa ameacha kumwita kwa kifupi cha jina lake.

"Tuse. Umeshasema ndiyo?"

"Bado. Nataka watu wa Isebe waondolewe kwanza."

"Kwa magari yapi? Barabara ile unaijua. Lori la kwanza litafika kesho, na kesho kuna mvua."

"Basi waambiwe."

Gwamaka alivuta pumzi. "Kanuni inakataza, nawe unajua ni kwa nini. Kule kwingine watu walikoambiwa, walikimbia wote kwa pamoja kwenye njia moja. Waliokufa njiani walizidi ambao tetemeko lingewaua. Tena ukiwaambia, watakataa. Mtu gani atakubali nyumba yake ianguke ili ya mwenzake isimame?"

"Ndiyo maana nauliza."

"Mwanao Bupe yuko shuleni Lusungo saa hizi, sivyo?" alisema kwa upole, na upole ule ndio uliochoma. "Darasa lake liko ghorofa ya pili. Mama yangu yuko wodini, mtaa wa pili kutoka hapo. Sikuambii hivi nikushike koo. Nakuambia kwa sababu mimi tangu asubuhi siwezi kufikiri jambo jingine."

Tusekile alijiona tayari akilitamka neno lile, herufi tano tu, kisha akirudi kwa wanafunzi wake kuendelea na somo la matabaka huku ardhi ikikusanya nguvu chini ya mwanamke mwenye jembe. Hesabu ya Mkunga ilikuwa sahihi kama hesabu. Hata hivyo kulikuwa na kitu ndani yake kilichokataa kuhesabiwa: watu wa Lusungo wangeokolewa bila kujua, na watu wa Isebe wangelipia bila kujua, na kati yao angesimama mtu mmoja anayejua yote na kunyamaza.

"Nipe muda," alisema.

"Una hadi saa tisa. Baada ya hapo haitategemea mimi wala wewe."

* * *

"Mwalimu!" Subilaga alikuwa akimpungia mkono kutoka ubavuni mwa jabali. "Samahani, nadhani nimekosea, lakini sioni nimekosea wapi."

Lilikuwa jabali kubwa kupita nyumba ya vyumba vitatu, limejitokeza kwenye mteremko mahali barabara inapokomea, na matabaka yake yalionekana wazi kama kurasa za kitabu kilichoachwa wazi. Kwa sababu hiyo kila kundi la wanafunzi lililetwa hapo, na kwa sababu hiyo hiyo mafundi wa Mamlaka walikuwa wametoboa mgongo wake na kukifunga humo kihisi cha Mkunga kwa misumari minene ya chuma. Ufa wa Isebe ulikuwa na vihisi vitatu. Radi ya msimu uliopita iliviunguza viwili vya kule bondeni na fedha za kuvirudisha zilikuwa hazijapatikana. Shahidi pekee aliyebaki alikuwa yule wa mgongoni mwa jabali.

"Mwinamo wake hauoani na ule tuliopima kijitoni," Subilaga alisema. Alikuwa msichana mtaratibu, mwenye tabia ya kuomba radhi kabla ya kusema jambo la kweli. "Kijitoni matabaka yameinama kidogo kuelekea mashariki. Hapa yameinama sana, tena magharibi. Halafu kuna hili." Akaweka kidole kwenye tabaka moja. "Tulipokoroga maji ya mto kwenye chupa, juma la pili, kokoto zilitua kwanza. Kisha mchanga. Kisha tope, juu kabisa."

"Ndiyo. Kizito hakikisubiri chepesi."

"Basi hapa kokoto ziko juu. Tope liko chini. Kila tabaka, Mwalimu. Nimetazama kumi."

"Ameshika kitabu kichwa chini," Ambakisye alisema.

"Kaka, hebu kaa kimya dakika moja tu, tuone kama utakufa," mwenzake alimjibu.

Tusekile alikuwa amekwisha kupiga magoti. Alimega kipande kutoka chini ya tabaka, akakitia mdomoni: kiliteleza, mfinyanzi mtupu. Akamega kingine juu, na meno yake yakakwaruzana na mchanga. Akahamia tabaka la pili. Kisha akatafuta kitu ambacho wanafunzi walikuwa hawajafundishwa bado, zile nyufa ambazo tope la ufukweni hupata likikaushwa na jua, pana kwa juu na nyembamba kadiri zinavyoshuka. Alizipata. Zilikuwa nyembamba kwa juu, zikipanuka kwa chini.

Aliketi juu ya visigino vyake. Sakafu ya ziwa la kale ilikuwa juu ya kichwa chake, imemgeukia kama dari.

"Tuseme Subilaga hajakosea," alisema, na sauti yake mwenyewe aliisikia ikitoka mbali. "Mwamba mashapo, huu uliojengwa na tope na mchanga, unaweza kulala kichwa chini kwa njia ngapi?"

"Milima ikikunjwa," sauti moja ilijibu kutoka nyuma. "Kama shuka."

"Bonde la Ufa linakunjwa?"

"Linavutwa," alisema Subilaga. "Nchi inayovutwa hupasuka na kuzama. Haikunjwi." Macho yake yakapanda taratibu juu ya mteremko, hadi kwenye genge lililokuwa kileleni na kovu lake jeupe. "Mwalimu, hili jiwe limeanguka."

Hakuna aliyecheka. Lilikuwa kosa ambalo kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huonywa dhidi yake, na ambalo kila mmoja hulifanya walau mara moja: kulipima jiwe lililohama kana kwamba ni mwamba mama, ule usiohama. Mtu husimama mbele ya jiwe zuri, lenye matabaka safi, karibu na barabara, na moyo wake unakataa kuamini kwamba kitu kikubwa hivyo kimewahi kusafiri.

Na kama lilikuwa limesafiri, pengine lilikuwa bado safarini. Jiwe linalotambaa mteremkoni hulia na kukwaruza kama ufa unaolemewa. Kihisi kilichofungwa mgongoni mwake kisingejua tofauti.

Pengine. Hilo neno lilikuwa na Bupe ndani yake, na ghorofa mbili za matofali.

* * *

"Chini ya mwamba mama hakuna udongo wenye mizizi," aliwaambia. "Tuchimbe ubavuni, kwa upande wa chini. Tukikuta mwamba unaendelea kushuka, nimekosea mimi na Mkunga yuko sahihi. Tukikuta udongo, jabali liko juu ya udongo wa watu kama mgeni."

Nyundo za kijiolojia hazikuumbwa kwa ajili ya kuchimba. Ambakisye akamwendea yule mwanamke wa viazi, akarudi amefuatana naye, jembe likiwa bado begani mwa mwanamke.

"Jembe langu haliendi mahali bila mimi," alisema. Aliitwa Mama Lwitiko. "Kwanza mmekanyaga matuta yangu. Sasa mnataka kuchimba. Hiki chuo chenu kinafundisha nini, kuchimba kama fuko?"

"Shikamoo, mama," wanafunzi walisalimia kwa pamoja, kwa sauti ya watu wenye hatia.

"Marahaba. Hilo halijibu swali."

Tusekile alimtazama. Angeweza kusema ni zoezi la darasani. Lingekuwa kweli nusu, na kanuni ingemsifu. Lakini mwanamke yule alikuwa amekwisha kuweka jembe chini na alikuwa akingoja, kwa heshima ya mtu anayeamini kwamba akiuliza atajibiwa, na Tusekile akagundua kwamba hawezi kuishika ardhi ya mtu kwa mikono yote miwili huku akimficha habari zake.

Akamwambia. Alisema habari za ufa, na za Lusungo, na za saa tisa. Alisema kwamba huenda jabali hili linaidanganya mashine, na huenda halidanganyi. Alitaja nyumba kadhaa na vifo vichache, kwa maneno yale yale ya Mkunga, na yalipotoka kinywani mwake mbele ya uso ule aliona jinsi yalivyokuwa machache. Nyuma yake wanafunzi walikuwa wameshusha nyundo zao. Hawakuwa wakijua wao pia.

Mama Lwitiko alilitazama jabali kutoka chini hadi juu.

"Ng'ombe mwenyewe," alisema hatimaye, "huzungumzishwa kabla ya kukamuliwa."

"Ndiyo, mama."

"Mna mtoto wa mtu kule mjini?"

"Nina wangu."

Akaguna. Hasira ilikuwa usoni mwake, wazi, na haikuondoka; ila ilisogea kidogo kukipisha kitu kingine. Akageukia kijijini, akaweka viganja mdomoni na kuita jina moja, kisha jingine. Aliongea kwa Kinyakyusa, bila haraka, kama mtu anayeagiza chumvi. Hakuna aliyekimbia. Milango ilifunguka mmoja baada ya mwingine, watu wakatoka na vigoda, wazee wakashikwa mikono, vyungu vikabebwa vikiwa bado vinafuka, na wote wakaanza kupanda kuelekea uwanja wa kanisa, juu ya kilima, mbali na mteremko na mbali na kuta.

"Hata kama mtatutikisa," alisema akiliokota jembe, "mtatukuta nje."

Kisha akaanza kuchimba, na akachimba vizuri kuliko wote.

Udongo wa juu ulitoka, kisha kokoto. Ambakisye, ambaye alikuwa hajatania kwa kitambo, alilala kifudifudi na kupenyeza mkono chini ya jabali hadi begani. Uso wake ulikunjamana.

"Kuna baridi," alisema. "Ni laini. Subirini." Akauvuta mkono. Katika ngumi yake kulikuwa na udongo mweusi wa shambani, na ndani ya udongo mizizi myembamba ya nyasi, bado ina rangi.

* * *

"Mkunga," Tusekile alisema, "kihisi chako kiko juu ya jiwe lililoanguka."

Mtambo ulichukua muda usio wa kawaida yake. "Katika mfano wangu wa ardhi hakuna mahali pa kuandika kwamba jiwe limegeuka," ulisema. "Nilipewa mwamba, nikaamini ni mwamba. Lakini hilo halithibitishi kwamba ufa umetulia, Daktari. Linathibitisha tu kwamba siusikii."

Ilikuwa haki. Tusekile alikwisha kuwatuma wanafunzi kijitoni, mahali ambapo maji yalikuwa yameufunua mwamba mama. Subilaga alibeba kihisi cha mafunzo, kile kidogo walichokitumia maabara kusikiliza nyufa za matofali, wakakibana juu ya mwamba kwa kamba na mawe na kukiunganisha na Mkunga. Gwamaka alikuwa kwenye laini, akisikiliza yote. Alikuwa amekwisha kusikia kwamba Isebe wameambiwa.

"Ukiwa umekosea," alisema sasa, "mvua haitatupa nafasi ya pili."

"Najua."

"Nilitaka tu mmoja wetu aliseme."

Tusekile aliketi ukingoni mwa kijito, miguu ikiwa ndani ya maji, akaweka kiganja juu ya mwamba. Ilikuwa ishara isiyo na faida yoyote ya kisayansi. Aliwaza jinsi somo lake la kwanza lilivyoanza kila mwaka, kwa sentensi moja kwamba dunia haina haraka, na jinsi wanafunzi walivyoiandika bila kuinua macho. Hakuwahi kuihitaji kama alivyoihitaji sasa.

"Nasikia maji," Mkunga alisema. "Nasikia mtu akihamisha miguu."

"Ambakisye, simama tuli!"

"Sijasogea!"

"Amesogea," alisema Subilaga.

Kimya kikarudi. Kikakaa.

"Ufa unaolemewa hulia mfululizo, hata usiku, hata pasipo mtu," Mkunga alisema taratibu. "Mgongoni mwa jabali nasikia mlio huo tangu mvua zilizopita. Hapa, kwenye mwamba mama, siusikii. Nimesikiliza kwa upana wote nilio nao. Ufa wa Isebe umelala, Daktari. Kinachotembea ni jabali. Linateleza juu ya udongo, upana wa ukucha kwa mwezi. Ningefungua maji leo, udongo ungelainika na ningelisukuma mimi mwenyewe juu ya nyumba. Naliondoa ombi langu."

Hakuna aliyepiga kelele. Subilaga alikaa chini palepale alipokuwa, ndani ya maji, akiwa na suruali yake safi. Ambakisye alianza kucheka na akashindwa kuacha, hadi ikabidi mwenzake ampige mgongoni. Katika sikio la Tusekile, Gwamaka alikuwa akitoa sauti ambayo ingeweza kuwa kikohozi.

"Nimekaa," alisema hatimaye. "Nilikuwa nimesimama tangu asubuhi."

"Kanywe chai. Halafu niletee magari, lakini si kwa ajili ya ufa. Hizi nyumba zilizo chini ya jabali haziwezi kulala hapa msimu wa mvua."

"Kesho yatafika. Nitakuja nayo. Uliwaambia. Nitalazimika kuliandika hilo."

"Liandike. Andika pia kwamba walipoambiwa walitoka na vigoda, wakakaa."

Jua lilikuwa limeegemea upande wa pili, na saa tisa ilikuwa imepita bila mtu kuiona. Tusekile alipanda hadi uwanja wa kanisa, akasimama mbele ya watu wote, akarudia habari ile tangu mwanzo. Waliuliza maswali mengi, mengine makali, na aliyajibu yote aliyokuwa na majibu yake. Mtu mmoja akaanza kuimba. Watoto walikuwa wameshagundua kwamba viazi vilivyopikwa kwa ajili ya kukimbia vina ladha zaidi kuliko vya mezani. Hewa ilikuwa na ule wepesi unaofuata baada ya homa kushuka, wakati mgonjwa anapouliza kuna nini cha kula.

Mama Lwitiko hakuimba. Alikuwa ameketi juu ya mpini wa jembe lake pembeni mwa shamba, akimtazama Tusekile akishuka kuelekea kwa wanafunzi waliokuwa wakiyarudisha matuta kwa mikono yao.

"Na siku itakapokuwa kweli?" alimwuliza. "Maana itakuja. Wewe mwenyewe umesema huo ufa umelala tu."

"Siku hiyo nitakuja hapa kwa miguu yangu, nibishe hodi kwako kabla sijamjibu mtu yeyote."

"Nami nikikataa?"

"Tutakaa chini tuzungumze, wewe na mimi na watu wa Lusungo," alisema. "Sijui tutafika wapi. Ila sitakubali kwa niaba yako."

Mwanamke yule alilipima jibu lile kama mtu anavyopima mbegu kiganjani. Hakutabasamu. Lakini alisogea kidogo, akaacha nafasi pembeni yake, na Tusekile akaketi.

"Basi uje asubuhi mapema," alisema Mama Lwitiko. "Jua likishapanda huwa niko shambani."